Usanisi wa sayansi ya mazingira: kuunganisha bonde la mto na mlango wake

Usanisi wa sayansi ni kuchukua vipimo vilivyokusanywa na watu tofauti, kwa malengo tofauti, na kuvifanya vijibu swali moja ambalo wasimamizi wa maji wanapaswa kuliamua. Kubandika ripoti sita katika jalada moja si usanisi.

Tuutazame Mto Pangani. Maji ya Kilimanjaro na Meru hushuka kwa mito ya Kikuletwa na Ruvu, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hupita mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, ndipo yafike baharini. Juu kuna mifereji ya wakulima, chini kuna minazi na mikoko. Swali: wakati wa kiangazi, bwawa lifungulie maji kiasi gani ili chumvi isipande mto? Mpima mtiririko peke yake hana jibu, wala mpima chumvi.

Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, na kwa uzito wake hupenya mtoni chini kwa chini huku maji ya mto yasiyo na chumvi yakielea juu. Ukichota juu tu, utasema mto ni salama. Kwa hiyo kila kipimo kiandikiwe kina, saa na hali ya bahari, kama ni bamvua (bahari hujaa na kupwa sana) au maji mafu (hujaa na kupwa kidogo). Kikikosa hayo hakilinganishiki na kingine, hata kama maabara ilikuwa nzuri.

Kinachodanganya zaidi ni wastani. Kilo za tope kwa siku ni mtiririko (mita za ujazo kwa sekunde) mara tope (miligramu kwa lita) mara 86.4. Mtiririko wa 20 wenye tope 200 hupitisha tani 346 hivi. Mafuriko yakizidisha vyote viwili mara kumi, ni tani 34,560: siku moja imebeba mzigo wa siku mia. Anayechota tarehe mosi ya kila mwezi anaweza kuikosa siku hiyo kabisa, kisha mikoko iliyofukiwa mizizi ikifa wakasingiziwa wakata nguzo.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya 2009 inatambua akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na ikolojia. Hivyo jibu liwe namba ambayo bodi ya bonde inaweza kuitumia katika vibali: mtiririko wa chini kabisa, mahali gani, mwezi gani. Na shaka iliyomo ndani ya namba hiyo iandikwe kando yake, maana mkulima atakayepunguziwa maji ataanzia hapo kuhoji.