Mke wa Kabaila Hakuwa Pambo la Nyumba

Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, hakosekani mwanafunzi wa kutamka kwa uhakika kwamba mke wa kabaila wa karne ya 17 alizaa, akadarizi, akangoja kuambiwa la kufanya. Juma lililopita nimelikuta dai hilo katika insha nne, kwa maneno yanayofanana mno, nami nimechoka kulijibu kwa dakika mbili kabla ya kengele. Basi nitalijibu kwa kirefu kwa kutumia familia ya Verney wa Claydon, katika jimbo la Buckinghamshire, ambao barua zao zilizohifadhiwa zinazidi 30,000 na hazituachii nafasi ya kukisia.

Chanzo cha kosa nakifahamu. Sheria ya Uingereza iliiweka mali ya mke aliyeolewa mikononi mwa mumewe, na wanafunzi wakishasoma kifungu hicho hufunga kitabu. Ushauri wangu, ambao wamekwisha kuuchoka, ni kwamba sheria isomwe pamoja na barua, kwa kuwa barua ndizo zinazoonyesha nani alikwenda kubisha mlango wa nani.

Ralph Verney, mbunge na mrithi wa Claydon, aliunga mkono Bunge dhidi ya Mfalme Charles wa Kwanza, lakini mwaka 1643 alikataa kuapa kiapo cha Agano, mapatano ya Bunge na Waskoti kuhusu vita na dini, na akahamia Ufaransa. Bunge likamfukuza mwaka 1645, kisha mashamba yake yakakamatwa. Mwishoni mwa 1646 aliyevuka bahari kwenda London kuyakomboa alikuwa mkewe Mary, akiwa mjamzito. Mjomba wa Ralph, daktari William Denton, alikuwa amemwandikia Ralph kwamba wanawake hawajapata kuwa na manufaa kama wakati ule, na hesabu yake ilikuwa sahihi: mlango uliofungwa kwa mume aliyeshukiwa ulikuwa bado unafunguka kwa mkewe. Kwa zaidi ya mwaka mzima Mary aliwatembelea wakubwa, akawaomba jamaa wenye kauli Bungeni, akahesabu madeni, na kila hatua akamwandikia mumewe huko Blois, Ufaransa.

Alipofika Claydon aliorodhesha hasara kama karani wa ghala: mashuka yamechakaa yote, magodoro ya manyoya yaliyofichwa kwa kujengewa ukuta yametafunwa na panya, vyuma vya kuchomea nyama vimeliwa na kutu hata havifai tena. Kuhusu jina la mtoto aliyekuwa tumboni, alimwandikia mumewe kwamba akiwa wa kiume ameazimia kumpa jina la baba yake, na akamwonya asimpinge. Ralph akajibu kwamba liwe jina lolote ila lake. Mtoto akazaliwa Juni 1647, akabatizwa Ralph. Sijui pambo gani la nyumba huamua hivyo.

Kabla mwaka huo haujaisha, kichanga huyo alikuwa amefariki, na binti yao Peg, aliyebaki na baba yake Blois, naye amefariki. Mary aliendelea na shauri, na Januari 1648 mashamba yakaachiliwa. Alirudi Ufaransa, akafa huko mwaka 1650 akiwa na miaka 34 hivi, na mwili wake ukasafirishwa kuzikwa Claydon. Ralph aliishi miaka mingine 46 bila kuoa tena, jambo ambalo ningependa lisomwe na wale wanaoniandikia kwamba ndoa za kupangwa hazikuwa na mapenzi, maana hiyo ilipangwa kwelikweli: walioana mwaka 1629, yeye akiwa na miaka 15, na Mary, yatima mwenye urithi, akiwa na miaka 13.

Hapo ndipo hudakwa dhana nyingine, kwamba Waingereza wote wa karne hiyo walioana wakiwa watoto. Mary aliozwa mapema kwa sababu ya urithi wake. Watu wa kawaida walisubiri hadi wapate uwezo wa kuanzisha nyumba yao, na kwa wastani wanawake waliolewa wakiwa na miaka 26 hivi, wanaume wakaoa wakikaribia 28.

Wengine husema kwamba hakuna aliyevuka miaka 40. Wastani wa umri wa kuishi ndio uliokuwa mdogo, nao ulishushwa na vifo vya watoto. Ralph mwenyewe alifariki mwaka 1696 akiwa na miaka 82.

Kwamba kila ukoo ulisimama upande mmoja wa vita nako si kweli. Baba yake Ralph, Sir Edmund, aliuawa katika mapigano ya Edgehill mwaka 1642 akiwa ameshika bendera ya mfalme, ilhali mwanawe alikuwa upande wa Bunge.

Na wanaodhani kwamba mtoto wa kabaila hakugusa biashara wamtazame John, mwana mdogo wa Ralph na Mary, aliyewekwa mwanagenzi kwa mfanyabiashara na mwaka 1662 akasafiri hadi Aleppo, Syria, kufanya biashara hukohuko. Kaka yake mkubwa alifariki mwaka 1688, na wanawe wa kiume nao wakafa kabla ya babu yao, hivyo Claydon ikamwangukia mfanyabiashara huyo.