Kuku akivunjika mguu sio lazima kisu

Tangu utotoni tunaambiwa kuku akivunjika mguu ndo basi tena, weka maji jikoni. Sio kweli jamani. Mifupa ya kuku inaunga haraka, ukimfunga vijiti viwili na bandeji isiyobana, ukamtenga kwenye boksi lenye maranda, maji na pumba karibu, wiki 3 au 4 hivi anaanza kukanyaga (tetea wangu nilimfunga vijiti vya mishikaki). Ila kwanza mgeuze umcheki unyayo, ukikuta kigaga cheusi kigumu katikati na pamevimba, hilo ni jipu sio mfupa. Mfupa ukitoboa ngozi muite daktari wa mifugo. Na akilala mguu mmoja mbele mwingine nyuma, shuku ugonjwa wa Marek (wa virusi, unapoozesha miguu), hapo vijiti havisaidii.