Kwa nini mto unakula shamba lako upande mmoja tu

Ndugu zetu wa Kasese, Bundibugyo na Ntoroko huku magharibi mwa Uganda, kila msimu wa mvua mnatuuliza swali lile lile, mbona mto umenila shamba na jirani wa ng'ambo anaongezewa ardhi, yeye kafanya nini? Hajafanya kitu, ni kona ya mto ndo inafanya kazi.

Angalia taksi ikikata kona kwa spidi, abiria wote wanalalia upande wa nje. Maji nayo hivyo hivyo, yenye mbio yanasukumwa ukingo wa nje yanauchimba, tena yanaanzia chini, kwa hiyo ukisimama juu unaona majani mabichi na migomba imesimama vizuri kabisa kumbe chini ya miguu yako udongo ushaondoka, mizizi inaning'inia hewani. Hapo mtu anapopapenda kuchunga mbuzi ndo pabaya kuliko pote. Upande wa ndani maji ni ya polepole, hayana nguvu ya kubeba mzigo, basi yanautua mchanga pale watoto wanapoogelea. Ndo maana kona inazidi kujipinda mwaka hadi mwaka, mpaka siku ya mafuriko mto unakata shingo ya kona unapita moja kwa moja na kuacha kidimbwi kilichopinda kama pembe ya ng'ombe wa Ankole.

Mto Semliki unaoenda Ziwa Albert ndo mwalimu wetu hapa, unajipinda sana kwenye tambarare, na kwa kuwa sehemu yake ni mpaka wetu na Kongo, ukingo ukibomoka siyo shamba tu, na mpaka wenyewe unaleta maneno.

Mto wa Nyamwamba ni hadithi nyingine. Inashuka milima ya Rwenzori kwa kasi ikiviringisha mawe makubwa, ikifika Kasese mteremko unapungua, nguvu inaisha, inayaacha mawe pale pale kwenye njia yake. Okota jiwe kule juu utakuta lina makali, okota la huku chini limelainika kwa kugongana njiani. Sasa mawe yakijaa mto unakosa pa kupita, unapanda kingo unaingia majumbani, tuliona 2013 tukaona tena 2020 hadi hospitali ya Kilembe ikapigwa. Kuyatoa mawe kunasaidia ila mvua kubwa ikija mlima unaleta mengine, kwa hiyo kazi hiyo haina mwisho.

Sheria yetu inataka kuacha mita 100 kutoka ukingoni kwa mito mikubwa iliyotajwa kwenye sheria hiyo na mita 30 kwa mingine, na naomba tusiione kama uonevu, hiyo ndo nafasi ambayo mto unahamia. Acheni matete na miti ya ukingoni, mizizi ndo inashika udongo.

Na kama tayari uko karibu, chomeka kijiti hatua 20 kutoka ukingo wa nje. Kila mvua kubwa ikipita hesabu tena, na ukiona hatua zimepungua au ardhi ina ufa unaofuata mto, usilaze mtu wala mnyama hapo, hata usiku mmoja.