Mwanga wa dashibodi na taa ya dashibodi ni vitu viwili

Dereva anamwambia fundi kwamba "taa za dashibodi haziwaki". Mwingine anamhakikishia abiria wake kwamba gari limewashwa taa, kwa kuwa dashibodi inang'aa. Wote wawili wanatumia neno moja kwa mambo mawili tofauti. Wa kwanza atapoteza muda na pesa kwa fundi. Wa pili yuko hatarini zaidi, maana huenda anaendesha usiku huku nyuma ya gari ni giza tupu. Kosa hili huwapata hasa waliokalia gari la spoti wasilolizoea, lenye mita nyingi na swichi zilizohamishwa mahali pake.

Mwanga wa dashibodi ni ule unaoangaza mita, vitufe na maandishi yake ili visomeke gizani. Taa ya dashibodi ni alama ndogo inayowaka yenyewe kukueleza hali ya kifaa fulani: indiketa, breki, oili, fuli (taa kali za mbele za kumulika mbali). Mwanga ni wa kusomea, taa ni ya kupasha habari.

Mchanganyiko huu una chanzo chake. Katika magari ya zamani, mwanga wa dashibodi ulichukua umeme kwenye njia ileile ya taa ndogo. Ukizungusha swichi hatua ya kwanza, zinawaka taa ndogo za mbele, taa za nyuma, taa ya namba, na dashibodi nayo inapata mwanga. Dashibodi ikiwa giza, ulijua hujawasha taa. Dalili hiyo ilikuwa ya kuaminika, na kwa magari ya namna hiyo bado inafaa: mwanga wa dashibodi ukikatika ghafla usiku, simama mahali salama ukatazame taa za nyuma kabla ya jambo jingine, kwa sababu mara nyingi vyote viwili hulindwa na fyuzi moja.

Magari ya sasa yamevunja uhusiano huo. Mita zake ni skrini, au zina mwanga wa nyuma unaowaka mara tu unapofungua swichi ya gari, hata saa sita mchana. Juu ya hilo kuna taa za mchana, zile nyembamba nyeupe za mbele zinazowaka zenyewe. Umoja wa Ulaya ulilazimisha aina mpya za magari madogo kuwa nazo kuanzia Februari 2011, lakini kanuni haikutaka taa za nyuma ziwake pamoja nazo, na kwa magari mengi haziwaki. Basi dereva anaingia barabara yenye taa za mtaani, mbele anaona mwanga, dashibodi inang'aa, naye anaridhika. Aliye nyuma yake haoni kitu mpaka breki ikanyagwe.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama taa zimewaka, usiangalie mng'ao. Tafuta alama ya kijani. Taa ndogo huonyeshwa na vitaa viwili vilivyopeana mgongo, kila kimoja na miale yake. Dimu, yaani taa za mbele za kawaida za usiku, ni umbo la herufi D lenye mistari inayoinama kuelekea chini, nayo ni ya kijani. Fuli ni umbo lilelile, ila mistari imenyooka na rangi ni bluu. Taa za ukungu zina mstari wa mawimbi unaokata miale: za mbele ni za kijani na miale yake inainama upande wa kushoto, za nyuma ni za rangi ya chungwa na miale imenyooka upande wa kulia. Hizi za nyuma zinastahili umakini wa pekee. Mgeni huziwasha akidhani ameongeza mwanga wa mbele, kumbe anamchoma macho aliye nyuma yake, tena mwanga wake mkali unaifanya taa ya breki isitambulike vizuri.

Swichi ya AUTO, inayoliachia gari liwashe taa lenyewe, haiondoi wajibu huu. Kihisi chake, ambacho kwa kawaida huwa karibu na kioo cha mbele, hupima kiasi cha mwanga tu. Mchana wa ukungu mzito mwanga bado ni mwingi, hivyo mfumo unaweza kuziacha taa za mchana pekee. Hapo zungusha swichi kwa mkono mpaka kwenye dimu.

Sasa, mwanga wa dashibodi wenyewe. Unapofifia, usikimbilie kufungua dashibodi. Kwanza tafuta kirekebisha mwanga: kigurudumu kidogo karibu na swichi ya taa, au kitufe kilekile cha kurudisha kilomita za safari kwenye sifuri, ambacho kwenye baadhi ya magari ukikizungusha kinapunguza au kuongeza mwanga. Mtu aliyeosha gari anaweza kukigusa na kukishusha hadi mwisho. Vilevile, saa na redio kufifia mchana si ubovu. Umewasha taa, gari limedhani ni usiku, nalo limepunguza mwanga ili usikuumize macho. Ikiwa kirekebisha mwanga kiko juu, fyuzi ni nzima na bado kuna sehemu moja tu yenye giza, hapo ndipo unapofikiria balbu. Kwenye mita za sindano za zamani, nyingi ni balbu ndogo mno, za wati 1.2 hivi, na huungua moja moja.

Taa za dashibodi zina lugha nyingine kabisa. Nyekundu maana yake simama mara tu panapokuwa salama. Rangi ya chungwa maana yake kuna jambo la kushughulikia, au kuna mfumo umezimwa. Kijani na bluu ni taarifa tu: kifaa kimewaka. Fungua swichi bila kuwasha injini (kwa gari la kitufe, bonyeza bila kukanyaga breki wala klachi, mengine hutaka mara mbili) na taa nyingi za onyo zitawaka pamoja. Hapo gari linajipima. Za ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande unapofunga breki) na mifuko ya hewa huzimika baada ya sekunde chache, za oili na betri husubiri injini iwake. Taa ambayo haikuwaka kabisa katika hatua hiyo ni ya kutilia shaka kuliko iliyowaka, kwani huenda balbu yake imekufa, au mtu ameing'oa ili kuficha tatizo kabla ya kuuza gari.

Kupepesa nako hakuna maana moja. Taa ya injini ikipepesa, kwa kawaida kuna silinda isiyochoma mafuta sawasawa, na petroli isiyoungua inakwenda kuyachemsha na kuyaharibu masega ya ekzosi, yanayosafisha moshi. Punguza mwendo mara moja. Taa ya mfumo wa kuzuia kuteleza, ile ya gari lenye mikia miwili ya nyoka, ikipepesa maana yake mfumo unafanya kazi. Ikiwaka mfululizo ikiwa na neno OFF, umezimwa, na kwenye gari la spoti mara nyingi ni dereva aliyeuzima kwa kuchagua hali ya mbio. Ikiwaka mfululizo bila neno hilo, una hitilafu. BMW M3 ya 2000 hadi 2006 ina vitaa vya chungwa kwenye mita ya mizunguko ya injini ambavyo huzimika kimoja kimoja kadiri oili inavyopata joto. Hivyo si hitilafu hata kidogo. Vinakuomba usiisukume injini bado.

Swichi nazo hubadilisha mahali. Ferrari 458 Italia ya 2009 haina mkono wa indiketa. Vitufe vyake viko kwenye usukani na huzunguka nao, hivyo bonyeza kabla hujaanza kukata kona. Lamborghini Huracán hutumia swichi ya kidole gumba: isukume kushoto au kulia, kisha ibonyeze kuizima. Kwenye Porsche 911 mita kubwa ya katikati ni ya mizunguko ya injini, si ya mwendo. Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989 hadi 1997, ina kitufe kinachoinua taa za mbele bila kuziwasha, kwa hiyo kuziona zimesimama si ushahidi wa lolote. Na magari mengi ya Kijerumani, ukizima injini na kuacha mkono wa indiketa umeelekea upande mmoja, taa ndogo za upande huo zitabaki zinawaka na kunyonya betri.

Hata alama ya kijani ina mpaka wake. Katika magari mengi inaonyesha kwamba umeme umeruhusiwa kwenda kwenye taa. Haijui kama balbu imeungua. Ndiyo maana kabla ya kuondoka na gari usilolijua, liegeshe karibu na ukuta, washa dimu, shuka, lizunguke.

Ukifika kwa fundi, basi, usiseme "taa za dashibodi". Sema "mita hazisomeki usiku", au sema "kuna alama ya oili, nyekundu, inawaka injini ikinguruma". Kwa la kwanza ataanza na kirekebisha mwanga na fyuzi. Kwa la pili atakuambia uzime injini kwanza.