"Hukuumia Hata Ukucha": Tunayoambiana Mombasa Kuhusu Fidia ya Kiwewe

Trela lilipokosa breki kwenye barabara ya Magongo, lilisimama hatua mbili kutoka kwenye karai ya shangazi yangu. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, anakaanga mahamri kama alivyozoea miaka yote. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akingoja mahamri yake ya shilingi ishirini hakunusurika. Shangazi hakupata hata mkwaruzo. Waliokimbilia pale walimwambia neno moja, na jioni majirani waliokuja kumpa pole wakalirudia: "Mshukuru Mungu, umepona. Hukuumia hata ukucha."

Hakuwa amepona. Lori likipita na breki zake za upepo zikatoa ule mlio wa "pssh", alichokishika kilimtoka mkononi. Alihamisha kitanda kutoka upande wa barabara. Usiku alilala ameketi, mgongo ukutani, taa inawaka. Wakati huo mimi nilikuwa karani katika ofisi ya wakili hapa mjini, nikipanga kila siku majalada ya watu waliovunjika miguu na mikono, na haikunipitia akilini kwamba shangazi yangu naye alikuwa na madai ya fidia. Maneno ya mtaani ninayoyasahihisha hapa, mengine niliyaamini mwenyewe.

"Bila damu hakuna kesi"

Hii ndiyo dhana inayowanyima watu haki kuliko zote. Uzembe kisheria ni mtu kushindwa kuchukua tahadhari aliyopaswa kuichukua kwa ajili ya usalama wa wengine, na mwingine akadhurika kwa sababu hiyo. Hakuna mahali paliposemwa kwamba madhara lazima yaonekane kwenye picha ya eksirei.

Mizizi ya jambo hili ni ya zamani. Sura ya 8 ya Sheria za Kenya inaziagiza mahakama zetu kufuata kanuni za Kiingereza zilizotokana na hukumu za majaji, kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Hukumu za Uingereza za baada ya tarehe hiyo haziwafungi majaji wetu, lakini huzisoma na kuzipima, na kesi za kiwewe hapa bado hujadiliwa kwa mifano hiyo. Mwaka 1901 mahakama ya Uingereza ilisikia habari za mwanamke mjamzito aliyekuwa nyuma ya kaunta ya baa, gari la farasi likaingia mpaka ndani. Halikumgusa. Hofu ndiyo iliyomwangusha akaugua, na majaji wakakubali kwamba anaweza kudai. Niliposoma habari hiyo nilifikiria karai la mafuta, na nikaona aibu.

Lakini kuna upande wa pili ambao wanaoahidi watu mamilioni hawausemi. Sheria hailipi huzuni. Hailipi woga wa siku mbili tatu wala hasira, hata ziwe za haki namna gani. Inalipa ugonjwa wa akili ambao daktari anautambua kwa jina: msongo wa baada ya kiwewe, sonona, ugonjwa wa wasiwasi. Kesi inayolionyesha hili vizuri iliamuliwa Uingereza mwaka 1970. Mama mmoja alikuwa amevuka barabara na mtoto wake kuchuma maua ya porini, mumewe amebaki upande wa pili na watoto wengine, akitengeneza chai kando ya gari lao. Gari jingine likapasuka tairi na kuwavamia. Mume akafa, watoto wakaumia, yeye akitazama. Mahakama ilimpa pauni 4,000, lakini majaji walitenga kwa uangalifu: kilicholipwa ni ugonjwa uliotokana na kuyaona yale, si majonzi ya kufiwa na mume.

Ni vigumu kulikubali hilo ukiwa matangani. Hata hivyo lina mantiki yake. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu asilimia 70 ya watu duniani watapitia tukio la kutisha maishani, lakini takriban asilimia 5.6 ndio hupata ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe. Wengi hutetemeka, hulia, kisha mwili na akili hutulia. Madaktari hawautaji ugonjwa huo kabla dalili hazijapita mwezi mmoja, na kwa baadhi ya watu hujitokeza kikamilifu baada ya miezi sita au zaidi. Kwa hiyo anayekuambia "mbona wiki ya kwanza ulikuwa mzima?" hajakushinda.

"Huo ni upepo, mpelekeni kwa shekhe"

Nitaliandika hili kwa heshima, maana nyumbani kwetu pia ndivyo tulivyoanza. Shangazi alisomewa kisomo, akanywa maji ya kombe, yaani yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, na sitasema hayakumfaa: usiku ule alilala. Lakini tulikaa miezi minne bila kumpeleka kwa daktari. Mwanawe alichokihofia ni maneno ya mtaani, kwamba mamake ameonekana upande wa wagonjwa wa akili kule hospitali ya Port Reitz.

Dua na matibabu havigombani. Mahakama, hata hivyo, haiwezi kusoma kombe. Inasoma ripoti ya daktari. Na jambo la kwanza ambalo wakili wa upande wa pili hulitafuta ni tarehe. Ajali Machi, hospitali Julai: atauliza katikati hapo palikuwa na nini, na atajibu mwenyewe kwamba ugonjwa una chanzo kingine.

Kilichotuokoa ni daftari la shule. Mjukuu wa shangazi, msichana wa darasa la saba, alikuwa na tabia ya kuandika mambo ya nyumbani nyuma ya daftari lake la hesabu. "Jumanne. Bibi hakulala. Trela limepita akamwaga chai yote." "Ijumaa. Tumemwambia twende Kongowea amekataa kupanda matatu." Hakuna aliyemtuma. Daktari wa akili alipoliona alilifunua ukurasa kwa ukurasa, akimuuliza shangazi siku moja moja. Mtu wenu akibadilika baada ya ajali, andikeni tarehe na kilichotokea, kwa maneno ya kawaida. Pia hakikisheni tukio limeandikishwa polisi, mkachukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na abstrakti (muhtasari wa polisi kuhusu ajali), hata kama aliyeathirika hana jeraha la kuonyesha kwenye P3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha. Jina lisipokuwa kwenye kumbukumbu za siku ile, kazi ya kuthibitisha kwamba alikuwepo huwa kubwa maradufu.

"Alikuwa na wasiwasi tangu zamani, hatapata kitu"

Si kweli. Aliyezembea humchukua mtu alivyomkuta, pamoja na udhaifu wake. Mwaka 1995 mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo ilimpa haki dereva ambaye hakuumia mwili kwenye ajali, bali ugonjwa wa uchovu aliokuwa nao tangu zamani ulirudi na kumkalia. Lililo la hatari ni kuuficha ugonjwa wa awali. Mwambie wakili wako na daktari wako kila kitu mapema.

"Niliyaona kwa macho yangu, basi nami nalipwa"

Mombasa tuna vidonda vyetu vya pamoja. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe na kuua watu zaidi ya 250. Wapo wazee wanaougeuza uso mpaka leo wakipita pale. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lililokuwa na mama na mtoto wake liliteleza kutoka kwenye feri pale Likoni, na video ikazunguka kwenye simu zetu kabla ya jua kuchwa. Mji mzima uliumia. Lakini si mji mzima ungeweza kudai.

Kwa aliyekuwa hatarini mwenyewe, kama shangazi, njia iko wazi zaidi. Kwa aliyeshuhudia mwingine akidhurika, mlango ni mwembamba. Hukumu inayotajwa zaidi ni ya Uingereza, ya mwaka 1991, iliyotokana na msongamano kwenye uwanja wa mpira wa Hillsborough, Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989, ambao hatimaye vifo vyake vilifika 97. Ndugu na jamaa walidai, wengi wakiwa wameona kwenye televisheni, na wakashindwa. Majaji walitaka mambo matatu: uhusiano wa karibu wa mapenzi na aliyedhurika, kuwepo pale pale au kufika mara tu baada ya tukio, na kuona au kusikia kwa macho na masikio yako mwenyewe. Ukiipata habari kwenye WhatsApp, hata aliyemo ni nduguyo wa tumbo moja, hapo ndipo unapokwama.

"Mara tu baada ya tukio" haina maana ya dakika ile ile. Kabla ya hapo, mwaka 1982, mama aliyekuwa nyumbani wakati wa ajali alifika hospitali kama saa mbili baadaye, akaikuta familia yake bado imejaa matope na mafuta, na akaambiwa bintiye mdogo amefariki. Huyo alikubaliwa. Waokoaji nao hawana njia ya mkato: polisi waliohudumu Hillsborough walishindwa mwaka 1998, kwa kuwa wao wenyewe hawakuwa katika hatari ya kuumia. Hilo binafsi linanichoma, nikiwafikiria wavuvi wetu wanaojitosa majini bila kuombwa.

Na kwa waliofiwa, Sura ya 32 ya Sheria za Kenya, inayohusu ajali za vifo, ni njia nyingine kabisa. Inawapa mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu haki ya kudai kile alichokuwa akiwategemezea. Haina malipo ya majonzi, na kaka na dada hawamo.

"Dereva hana kitu, utamdai nini?"

Dereva aliyetumwa kazi humfunga mwenye gari pia. Ndiyo maana wakili huanza kwa kutafuta rekodi za umiliki. Tena kila gari barabarani sharti liwe na bima ya mtu wa tatu, yaani ya kuwalipa wengine wanaodhuriwa na gari hilo, na kwa Sura ya 405 bima hiyo hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Zaidi ya hapo hudaiwa kwa mwenye gari.

Wengine huona dereva ametozwa faini kwenye kesi ya trafiki wakadhani mambo yamekwisha. Faini ile ni ya serikali, aliyeathirika hapati hata shilingi. Faida yake ni kwamba hukumu ya hatia hutumika kama ushahidi kwenye kesi ya madai. Na dereva akiachiliwa, bado unaweza kushinda, kwa sababu kwenye madai hutakiwi kuondoa kila shaka. Inatosha upande wako uwe na uzito zaidi. Wala si lazima uende Mahakama Kuu: hakimu mkuu ana uwezo wa kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20.

Ikiwa kiwewe kimetokea kazini, bandarini au ghalani, usikimbilie mahakamani kwanza. Chini ya sheria ya mafao ya majeraha ya kazini ya 2007, iliyothibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2019, madai huanzia kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na hupaswa kufikishwa ndani ya miezi 12.

"Nitadai nikishatulia"

Naelewa. Kudai ni kusimulia, na kusimulia ni kurudi pale pale. Lakini muda haungoji utulivu wako. Kwa madai ya uzembe una miaka 3 tangu siku ya tukio, na ukiidai serikali una miezi 12 tu. Mahakama inaweza kuongeza muda kwa aliyekuwa hajui mambo ya msingi ya kesi yake, lakini lazima aombe na athibitishe. "Niliogopa kulikumbuka" si sababu ninayoweza kukuahidi kwamba itakubaliwa.

Tunza risiti. Gharama za daktari, dawa, ushauri nasaha na nauli za kliniki lazima zitajwe moja moja kwenye madai na zithibitishwe. Maumivu yenyewe hakimu huyakadiria kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia, na ripoti inayoeleza unavyoishi, kwamba hulali, hupandi matatu, umeacha biashara, humsaidia kuliko ripoti ya mistari mitatu.

Mabroka wanaozunguka wodini na fomu za kutia sahihi waepuke. Wakili haruhusiwi kukubaliana nawe kwamba atalipwa ukishinda tu. Ukiambiwa hivyo, uliza mengine wanayokuficha.

Afisa wa bima alikuja kwa shangazi na bahasha na karatasi moja. Kiasi kilichoandikwa kilikuwa cha kutamanisha kwa mtu ambaye karai lake lilikuwa limelala miezi sita. Chini, kwa herufi ndogo, ilisema ni malipo kamili na ya mwisho kwa madhara yote, yanayojulikana na yasiyojulikana. Ukishatia sahihi hapo, ugonjwa ukirudi mwakani, ni wako. Shangazi alikuwa ameshaishika kalamu. Nilimwomba angoje daktari amalize matibabu aandike ripoti ya mwisho. Akanitazama, akaiweka kalamu mezani, akasema, "Haya mwanangu, tungoje." Alitia sahihi miezi minane baadaye, kwa kiasi kingine, baada ya mjukuu wake kumsomea karatasi yote kwa sauti, mara mbili.