Mtoto mchanga "ameshiba" maana yake nini?

Mtoto akilia usiku, bibi ndiye wa kwanza kusema: "Maziwa hayamtoshi huyo, mkorogee uji." Mama anajikamua, anaona matone mawili matatu kwenye kijiko, anaamini. Lakini mtoto hukamua titi kuliko mkono wowote, na kilio kinaweza kuwa cha joto, gesi au kutaka kubebwa tu. Kwa anayenyonya maziwa ya mama peke yake, yaani miezi 6 ya kwanza, kushiba ni kupata maziwa ya kumtosha kukojoa, kupata choo na kuongezeka uzito.

Anza na nepi. Siku ya kwanza hulowanisha moja, ya pili mbili, ya tatu tatu. Kuanzia siku ya 5 au ya 6 ziwe 6 au zaidi kwa saa 24, na mkojo usiwe wa rangi nzito. Nepi ya kitambaa haifichi kitu. Pampasi ndiyo msumbufu: imenyonya mkojo, ukiigusa unaona kavu. Chukua mpya, imwagie vijiko vikubwa vitatu vya maji, uipime mkononi. Uzito huo ndio wa pampasi iliyolowa.

Choo cha mwanzo ni cheusi, kinanata kama lami. Hugeuka kijani, na kufikia siku ya 5 kiwe cha manjano na chepesi.

Uzito hupungua kidogo siku za kwanza: wa kilo 3 akishuka hadi 2.8 si ajabu, mradi ndani ya wiki mbili awe amerudi pale pale. Baada ya hapo tazama kadi ya kliniki. Mstari ukipanda, mashavu ya mtoto wa jirani yasikusumbue.

Kuna siku atataka titi kila saa, mara nyingi wiki ya 3 au ya 6. Mpe. Anavyonyonya zaidi ndivyo maziwa yanavyotengenezwa zaidi. Ukimjaza uji atanyonya kidogo, na hapo yatapungua kweli.

Mimi huniogopesha zaidi yule asiyelia: analala tu, haamki kunyonya, mdomo mkavu, mkojo kama chai ya rangi, utosi umebonyea. Huyo apelekwe hospitali leo leo, hata kama siku ya kliniki ni kesho.