Je, wajua kwa nini meli kubwa kuliko zote msafarani haikuletwa kuchimba?

Mjomba wangu anavua dagaa Kibirizi, Kigoma, tangu mimi sijaanza shule. Juzi, saa nane na nusu mchana, alinikuta kwenye kompyuta nikiwa na wenzangu tunachimba madini katika EVE Online, mchezo wa meli za angani. Nikamwamkia, akavuta kigoda, akatazama kimya. Meli tisa ndogo zilikuwa zimetawanyika kwenye miamba, leza zikimulika, na katikati yake meli moja nene kama pantoni. Akaigusa kwa kidole kwenye kioo: "Na huyu mkubwa, mbona amekaa tu?"

Anayelijua jibu la swali hilo anaweza kupanga msafara wa uchimbaji.

Kwanza mchezo wenyewe. EVE Online ulitolewa mwaka 2003 na kampuni ya CCP ya Iceland. Mtu wa Kigoma na mtu wa Chicago huingia katika anga lilelile, na meli nyingi zinazoruka humo zimeundwa na wachezaji kwa madini yaliyochimbwa na wachezaji. Meli ikilipuliwa imekwenda, hairudi. Kwa hiyo madini hayakosi mnunuzi.

Mchimbaji wa peke yake kwa kawaida huanza na meli iitwayo Venture, ambayo ghala lake la mawe hubeba meta za ujazo 5,000. Likijaa, anazima leza, anarudi stesheni, anashusha, anageuza. Njia yote hiyo hachimbi chochote. Ni sawa na mvuvi anayerudi ufukweni kila ndoo moja ikijaa.

Yule mkubwa anaitwa Orca. Ana droni zinazoweza kudokoa mwamba, lakini hakuletwa kwa kazi hiyo. Ghala lake humeza meta za ujazo zipatazo 150,000, yaani Venture 30 zilizojaa. Ukiwa ndani ya meta 2,500 kutoka kwake, unamhamishia mzigo huku leza zako zinaendelea kula mwamba. Akiwa na vifaa vyake, huyashindilia mawe hadi ujazo wake unabaki sehemu moja ya mia. Zaidi ya hapo, hutoa mawimbi ya kuongeza nguvu: moja hufupisha mzunguko wa leza, jingine huifanya leza ifike mbali zaidi. Anayefaidi ni aliye ndani ya msafara na ndani ya eneo la wimbi. Ukijitenga, unachimba kwa kasi yako ileile kama mtu aliyekuja peke yake.

Nilipomweleza hivyo, mjomba alitikisa kichwa. "Kumbe ndiye mwenye taa." Na ndivyo hasa. Kwenye Ziwa Tanganyika dagaa hufuata mwanga usiku, enzi za karabai na hata sasa za taa za betri. Anayeshughulika na taa huenda asiguse kamba ya wavu, lakini hakuna anayemwambia hana fungu.

Hapo ndipo misafara mingi ya EVE huvunjika, na hili naliona kwa uchungu kwa sababu nimepoteza wenzangu wazuri hivyo. Mkigawana kwa uzito wa mawe aliyochimba kila mtu, mwenye Orca anapata kidogo sana, na mlinzi, anayeangalia maadui wanaoingia, hapati kitu. Wiki ya pili mlinzi haji. Wiki ya tatu mnalipuliwa. Sisi siku hizi tunahesabu muda: mtu akikaa saa mbili, awe na leza au awe anatazama orodha ya majina ya waliomo katika eneo, ana fungu la saa mbili. Tunakubaliana hivyo kabla ya kutoka stesheni, maana mawe yakishauzwa kila mtu ana hesabu yake.

Mlinzi si pambo. Hata katika maeneo yenye usalama, polisi wa mchezo, CONCORD, humwangamiza mshambuliaji lakini hawaizuii risasi yake ya kwanza. Meli isiyo na ngozi ngumu huwa imeshalipuka.

Jambo jingine ambalo msimamizi asipoliangalia anapoteza mali ni kugawa miamba. Leza hufanya kazi kwa mizunguko. Watu wawili wakikazana kwenye mwamba uliobakiza kidogo, wa kwanza anaumaliza na wa pili mzunguko wake unakwenda bure. Kwa hiyo mmoja anapima kwa kifaa cha uchunguzi kila mwamba una kiasi gani, kisha anatamka: wewe huu, wewe ule. Na Orca asisinzie! Mawe huingia kwanza kwenye ghala la pamoja lililo ndani ya meli yake, naye huyahamishia kwenye ghala lake la mawe. Asipohamisha, ghala la pamoja linajaa na wote wanakwama.

Saa nane na nusu sikuichagua ovyo. Kila siku saa nane mchana kwa saa zetu sava, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, husimama kidogo kwa matengenezo, na ikirudi, miamba iliyochimbwa huwa imejaa tena. Marekani ndiyo kwanza kunapambazuka, kwa hiyo tunaikuta miamba ikiwa mizima. Umeme ukikatika huku, meli ambayo haijashambuliwa hujikimbiza yenyewe mbali na hapo, na baada ya muda mfupi hutoweka angani. Hilo limeniokoa zaidi ya mara moja.

Kilichomshangaza mjomba kuliko vyote ni mwezi. Tangu mwaka 2017 wachezaji wanaweza kujenga mitambo inayong'oa pande la mwezi na kulivuta polepole, kwa siku 6 hadi 56, kisha likapasuliwa kuwa miamba ya kuchimba. Tarehe hupangwa mapema, na watu huitana kwa wingi kuliko siku nyingine yoyote. Kwake yeye mbalamwezi ni likizo: taa haivuti dagaa vizuri, watu wanashona nyavu. "Kwa hiyo ninyi mwezi ukija ndiyo mnaingia kazini," alisema, akasimama. Usiku ule kulikuwa na giza, na betri zake za taa zilikuwa bado hazijachajiwa.